Firigisi ya Baba

Jumatatu, tarehe 11 Agosti. Asubuhi hapa Kitale kulikuwa na baridi na ukungu. Nilipofika Chwele kwa baba, jua kali.

Baba mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. "Kuja nikuonyeshe mahali utajenga simba yako." Simba ni ile nyumba ndogo ya kijana, na kwetu baba ndiye huonyesha mahali. Tangu aachane na mama ni miaka saba, na mimi naishi na mama huku Kitale, mtaa wa Kibomet. Kwa hivyo nilienda kujua jambo moja tu: kama bado mimi ni mtoto wa lile boma.

Mama wa kambo alinichinjia kuku. Sijui niseme nini hapo. Kuku huchinjiwa mgeni, lakini angenipikia sukuma wiki pia ningenung'unika. Alinipokea vizuri, lazima niandike hivyo.

Bakuli lilipowekwa mezani, mkono wangu ukaenda wenyewe kwa firigisi. Nikatia mdomoni. Miaka hii yote mama akipika kuku huniwekea mimi. "Wewe ndiye mwanaume wa hapa," husema. Nikasahau kabisa kwamba firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ameketi mbele yangu.

Dada yangu wa pale, wa miaka sita, akapiga kelele, "Baba! Ati amekula yako!"

"Nyamaza, kula," mama yake akamwambia.

Baba akacheka kidogo. "Mwache, si ameshakuwa mzee wa boma, bana."

Sikujua kama ni mzaha ama amekasirika. Nikameza bila kutafuna.

Tulipomaliza kunawa nikangoja tutoke nje. Baba akasema leo ni siku ya soko, kuna mtu anamngoja na ng'ombe. "Hayo ya simba tutaongea." Kweli ilikuwa siku ya soko, na kweli simu yake ililia kabla tule. Lakini si ni yeye alichagua siku? Siwezi kusema alikasirika. Siwezi kusema hakukasirika.

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza hata sijaketi, "Alikuonyesha?"

"Bado." Nikamweleza yote.

Akaacha mwiko kwa sufuria. "Woi, mwanangu. Ni mimi nimekuharibia."

Nikamwambia hapana, mkono ni wangu. Lakini labda ni yeye kidogo. Labda ni baba pia, maana angekuwa hapa nisingepewa. Nikisoma hiyo naona si haki, kwa sababu mama ndiye aliyeondoka. Na alikuwa na sababu. Sijui, inanichanganya.

"Mpigie kesho," mama akasema. "Mwambie ulisahau tu."

Nimwambie nilisahau nini? Kwamba yeye ndiye baba?

Tumekula ugali na mrenda, sisi wawili. Nilimwambia mama ajipakulie kwanza, akakataa.