Mtambo Ulisema Chumba cha Mama Hakina Mtu

Mtambo ulisema chumba cha mama hakina mtu. Mama alikuwa ndani.

Mjue kwanza, kwetu sisi Wabukusu mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hawali meza moja, hawapeani mkono. Kulala chini ya paa la mkwe? Hiyo ni aibu ya mwaka.

Lakini mama yangu, Wilkista, alikuwa na kifua kibovu, na daktari wake yuko Kitale. Nilimtoa Bungoma kwa kumbembeleza.

"Nabwile, sasa mimi nitakaa wapi bwana yako akiingia?"

"Chumba cha nyuma, mama. Hamtaonana."

Na kweli hawakuonana. Mume wangu Rotich akisikika tu langoni, mama anajifungia, anaketi kitandani kimya, hata kukohoa anakoholea kwenye leso. Rotich ni mtu wa Saboti, si Mbukusu, lakini aliishika desturi yetu kuliko kaka zangu. Mlango ule hakuugusa.

Kazi yake ni kufunga mitambo ya kuchunguza umeme kwenye majengo: hoteli, shule, ofisi. Mtambo unajua wenyewe ni wapi umeme unapotea bure, unamtumia mwenye jengo ujumbe kwa simu, na unaweza kuzima kifaa. Aliujaribia nyumbani kwetu. Kila chumba kikawa na kijicho ukutani, kinachoona mtu akisogea.

Asiposogea, hakimuoni.

Julai, na baridi ya Kitale mnaijua, nikaitwa semina Bungoma. Nilimwashia mama hita, nikamwomba jirani yetu Rahab awe anamletea chakula mchana, nikaenda.

Niliporudi chumba kilikuwa baridi kama friji. Mama amejikunja chini ya blanketi, midomo imebadilika rangi.

"Mama, hita imezima lini?"

"Hiyo kitu ilikufa juzi."

"Na hukusema?"

"Niambie nani? Mkwe ako sebuleni."

"Si ungemwambia Rahab?"

"Ati niseme kwa jirani nyumba ya mkwe iko na baridi?"

Ilikuwa nimonia. Hospitali walijitahidi, lakini Jumapili haikumkuta. Tulimzika kwao Bungoma, nikalia mpaka sauti ikaisha.

Tuliporudi Kitale nilimwambia Rotich ang'oe huo mtambo.

"Hiyo takataka yako imeniulia mama."

Aliketi sakafuni.

"Mtambo haungezima hita bila mimi," akasema. "Uliniuliza."

Akanionyesha ujumbe wa mtambo kwenye simu. Hita inawaka, chumba kinaonekana kitupu. Je, kuna mtu?

"Nilienda mpaka mlangoni, Nabwile. Nikasikiliza, kimya. Nikasema pengine ako kwa Rahab. Nikaona aibu kubisha, sasa nikimpata hajavaa vizuri? Nikajibu hakuna mtu."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nilikaa naye pale sakafuni, tukalia.

Kuna kitu sijamwambia mpaka leo. Nawaambia ninyi kwa sababu yeye hasomi huku.

Kule hospitalini mama alinishika mkono, akaninong'oneza. "Mkwe ako na heshima. Nilisikia amesimama mlangoni. Nikabana pumzi mpaka akaenda."

Ndugu zangu, waheshimuni wakwe zenu. Lakini bisheni hodi. Na wewe uliye ndani, itika.