Ndevu za Mpagazi

Mimi ni mwalimu, na Jumamosi nilimpeleka binti yangu Zena kwenye chumba cha makumbusho cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hapa Tabora, nikijifanya najua kila kitu. Tulitazama simba aliyekaushwa, kisha pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe. Kando ya pembe za ndovu aliketi mpagazi mzee, macho kayafumba, hatikisiki.

"Shikamoo, babu," Zena akaamkia.

Nikacheka. "Mwanangu, hii ni sanamu ya mpagazi. Sanamu haiamkiwi!" Ili aamini, nikaivuta ndevu.

Sanamu ikafumbua macho. Kumbe ndiye mlinzi, usingizi ulimpitia.

"Marahaba, mjukuu wangu," akamwambia Zena kwa upole. Kisha akanigeukia. "Na wewe, nani alikulea?"

"Baba," Zena akaninong'oneza, "ziachie ndevu kwanza, halafu umwamkie."