Upande wa Mheshimiwa

Bi Swaumu hakosi Bunge. Ukifika msimu wa bajeti, televisheni yake inageuzwa ikatazama dirishani, na yeye anakaa barazani na ungo wa iliki, anafunga vipakti vya kuuza huku anasikiliza. Nyumba yake hapa Kariakoo ni ya zamani, ya chini, imebanwa na maghorofa pande zote mpaka jua linaifikia likishakuwa utosini. Duka la mapazia la baba yangu linatazamana na baraza yake, na mimi nikitoka shule ndipo ninapokaa.

Wateja wanadhani anapenda siasa. Hapendi. Anamsubiri mwanawe.

Mwanawe ni Mheshimiwa Sadalla, mbunge wa jimbo moja huko kusini alikooa na kuhamia. Bi Swaumu anaijua michango yake yote: ule wa korosho, ule wa vivuko, ule wa walimu wa sayansi aliouanza vizuri akaumalizia kwa kukohoa.

"Siku ya korosho alikuwa na mafua," aliniambia. "Nilimjua toka alivyosema 'Mheshimiwa Spika'. Wenzake walidhani ana uchungu na wakulima."

Mle bungeni anayeongoza kikao hutaja zamu: fulani atafuatiwa na fulani, na fulani ajiandae. Likitajwa jina la Sadalla, anayejiandaa ni Bi Swaumu. Anaweka ungo pembeni, ananawa mikono, anafunga khanga upya, anakaa wima kama mtu aliyesikia hodi mlangoni.

Mimi nina maswali mengi, mwalimu wetu wa uraia ananijua. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, mbona mbunge analalamika mwanzo mpaka mwisho, halafu anasema anaunga mkono hoja?"

"Arwa mjukuu wangu, wewe hujawahi kula kwa watu? Unasema chumvi imezidi, wali mbichi, halafu unanawa unashukuru. Ndiyo adabu ya ugenini."

Mara ya mwisho Sadalla kuingia nyumba ile ilikuwa arobaini ya baba yake. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, sasa niko kidato cha tatu. Simu anapiga, lakini fupi. "Mama niko kikaoni, nitakupigia." Inakatika. Bi Swaumu anaendelea kuishika sikioni, anasema taratibu, "Haya baba, Mungu akulinde," kisha ndipo anaiweka chini.

Mwaka huu, kwenye bajeti ya wizara inayoshughulika na wazee, Sadalla alisimama. Nilikuwepo. Alikuwepo pia Bakili, anayetundika mabegi yake ya kuuza kwenye ukuta wa Bi Swaumu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Sadalla akasema, "wazee wetu wanakufa kwa upweke, wakati watoto tupo. Mimi, pamoja na majukumu yote haya, kila Jumamosi napanda treni, naenda Kariakoo, nakaa chini, nakula sinia moja na mama yangu mzazi. Ananipikia samaki wa kupaka. Niwaulize waheshimiwa wenzangu, nyinyi mmekula na mama zenu lini?"

Wabunge wakapiga meza. Kengele ikalia, akaunga mkono hoja, akakaa.

Barazani Bi Swaumu akauvuta ungo wake.

"Samaki," akasema. "Huyu hali samaki, toka mwiba ulipomkwama utotoni."

Bakili akajikuna kichwa. "Bi mkubwa, kumbe huwa anakuja? Mbona mimi nashinda hapa na simuoni?"

"Wewe macho yako yako kwa wanaonunua mabegi. Mwanangu hanunui begi."

"Basi Jumamosi hii sitamkosa. Nina neno langu kuhusu huu mtaro unaotutapikia kila mvua ikinyesha."

Bi Swaumu angeweza kusema pale pale kwamba haji. Hakusema. Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa na habari: Jumamosi mheshimiwa anakuja kula kwa mama yake, mwenye shida aje nayo.

Kesho yake alimpigia simu. Masikio yake yamechoka kidogo, kwa hiyo huweka sauti kubwa, na mimi nilikuwa namsaidia kufunga vipakti.

"Sadalla, umesema unakula kwangu kila Jumamosi."

Akacheka. "Mama, ile ni namna ya kujenga hoja tu. Watu wameipenda sana."

"Nimeona. Sasa mtaa mzima unakusubiri, na mimi sijui niseme nini. Nyinyi mle bungeni, mtu akisema lisilo kweli anaambiwa nini?"

Sadalla akaanza, "Mama, niko kikaoni..."

"Anaambiwa afute kauli," Bi Swaumu akasema. "Basi mwanangu, njoo, au simama ufute kauli. Ukija kauli yako itakuwa kweli, sitakudai Jumamosi za nyuma."

"Jumamosi nakuja, mama. Inshallah."

Ile inshallah Bi Swaumu aliishika siku zote zilizofuata. Alifua vyandarua. Alimtuma mtu soko la Shimoni amchagulie kuku wa kienyeji mwenye mafuta. Nikamuuliza kwa nini si samaki, maana taifa zima limesikia samaki. "Taifa halikumzaa," akanijibu.

Jumamosi mchana mkeka ulitandikwa chumba cha mbele, mlango wazi. Sinia kubwa ya wali, kuku juu. Nje Bakili amepiga pasi shati, na nyuma yake majirani wengine wenye mitaro yao na vibali vyao. Bi Swaumu alikaa upande wa ndani wa sinia, akauacha upande wa mlangoni kwa mgeni.

Gari likaja kweli. Likapenya kwa shida katikati ya mikokoteni, watu wakajipanga. Akashuka dereva peke yake, mtu mpole anaitwa Onesphory, akitoa mfuko wa mchele, sukari na mafuta ya kula.

"Shikamoo mama. Mheshimiwa amepata kikao cha ghafla, anaomba radhi sana."

"Marahaba. Karibu."

Onesphory akatoa simu, akaishika kama inamchoma. "Kaniomba nikupige picha mama, ukiwa na hivi vitu. Ya kuweka kwenye kurasa zake."

Nilimtazama Bi Swaumu. Hakukasirika, na mimi ningependa akasirike. Alinawa, akasema bismillah, akaanza kula, peke yake, mbele ya mtaa wote, polepole, upande wake tu. Tulisimama tunamtazama. Alipofika katikati ya sinia akaacha. Huku kwake shaba ya sinia ilionekana. Kule mlangoni wali ulikuwa vilevile alivyoupakua.

"Piga picha hiyo," akamwambia Onesphory. "Sinia, si mimi. Mpelekee, umwambie upande wake haujaguswa."

Onesphory akapiga. Kisha Bi Swaumu akageukia mlangoni.

"Bakili, nanyi nyote. Haji. Hajaja toka arobaini ya baba yake. Nilinyamaza kwa sababu ni mwanangu. Shida zenu mpelekeeni mbunge wa hapa, mie si ofisi."

Bakili akaangalia viatu vyake. "Bi mkubwa, hata mimi mama yangu yuko Magomeni hapo tu," akasema, na hakuendelea. Watu wakatawanyika mmoja mmoja.

"Kaa ule, baba, una safari ndefu," Bi Swaumu akamwambia Onesphory. Upande uliojaa wa sinia ulikuwa mbele yake pale pale aliposimama. Dereva akazunguka, akakaa kando ya mama, akala makombo ya upande wa mama.

Wiki iliyofuata jina likatajwa tena: Mheshimiwa Sadalla ajiandae. Nilidhani safari hii angezima. Aliweka ungo pembeni, akanawa mikono, akafunga khanga.

Sadalla alisimama akazungumzia barabara. Madaraja, vifusi, wakandarasi. Nilisubiri neno moja tu, nikahisi na Bi Swaumu analisubiri, kwa jinsi alivyoinamia dirisha. Kengele ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Akaunga mkono hoja, akakaa, hakufuta kitu.

Bi Swaumu akabaki anatazama kioo cha televisheni, ingawa sasa alikuwa akisema mbunge mwingine.

"Amekonda," akasema.