Ukuta wa Udongo Niliouvisha Saruji

Duka langu lipo kwenye kona, karibu na reli. Mlango hautazami barabara ya reli wala ile ya sokoni. Pembe ya ukuta imekatwa, mlango ukawekwa hapo, ili mwuzaji akikaa kaunta azione njia zote mbili. Alilijenga Mhindi mmoja, wanasema enzi ya Mjerumani. Karatasi sina, kwa hiyo siapi. Ninachokijua ni kuta: mawe na udongo, nene kuliko urefu wa mkono wangu, nje chokaa. Juu mbao za mninga na bati zito ambalo siku hizi hulipati.

Nilianza hapo kwa kubeba magunia ya mjukuu wa Mhindi huyo. Alipohama akaniuzia mimi, mtu ambaye darasa la nne sikulimaliza.

Basi nikafanya ujinga. Nimezaliwa kwenye tembe, nyumba ya udongo mpaka paa, na niliona aibu duka langu nalo liwe la udongo. Nikabandua chokaa yote, nikapiga lipu ya saruji ndani na nje. Watu wakasifu. Mama yangu peke yake aliushika ukuta akauliza, "Sasa huu utapumulia wapi?" Nikamwambia ukuta hauna pua.

Mama alikufa, mke wangu naye akafuata, watoto wakajenga mtaa wa Ipagala. Nikabaki na duka, nalala humo humo. Mwaka huu, baada ya mvua, ukuta wa kona ukatoa tumbo. Binti yangu akapiga simu: "Baba, bomoa hilo gofu, uje ukae na sisi." Sikutaka. Kwake mimi ni mgeni wa kutengewa kiti. Nikamwita fundi mzee wa Kondoa aseme kama nyumba itasimama.

Akagonga lipu kwa nyundo. Kipande kikadondoka, nyuma yake udongo umelowa kama ugali uliochacha.

"Nani alipiga saruji hii?"

"Mimi."

"Mzee mwenzangu, mtoto wa tembe unauvisha udongo koti la mvua?"

"Nilikuwa na hela."

"Na akili ulimwazima nani?"

Angekuwa mwingine ningemfukuza. Akasema vyumba vitapona tukibandua saruji yote na kurudisha chokaa, ila kona haiponi. Ishushwe, pajengwe ukuta usio na mlango.

"Shusha," nikasema.

Sasa nauzia dirishani, upande wa reli. Barabara ya sokoni naisikia tu: mikokoteni, kandambili, wanawake wanacheka, sijui ni akina nani. Wengi wanadhani nimefunga. Mmoja alishangaa kuniona, alisikia nimezikwa.

Jana binti kapiga tena. "Kwa hiyo baba unahama lini?"

"Nimeshahama. Nipo chumba cha nyuma, ndicho kilichokauka."

Akasema kuna mtu anabisha hodi kwake, atanipigia baadaye.