Aliyekwenda Kuomba Mwili wa Bibi Kabula

Mpaka leo nikisikia harufu ya samadi inayoungua, moyo hunidunda. Kijijini kwetu, mbele ya mji mdogo wa Choma, samadi kavu ilichomwa zizini kila jioni kufukuza mbu, na kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa moshi wake ulitukalia kooni pamoja na hofu. Ndama walikuwa wanakufa. Watu walitafuta wa kumlaumu wakampata jirani yetu Bibi Kabula, mjane asiye na mtoto, mwenye macho mekundu kwa moshi uleule uliotuumiza sote. Mkutano wa kijiji ukamwita mchawi, ukaamua atengwe. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto wala kuchota maji naye kisimani, na atakayekiuka atatengwa na nyumba yake nzima. Nilikuwa nimezoea kumwamkia nikienda shule. Sasa nilipita shikamoo imenikwama, naye ananitazama kutoka mlangoni.

Baba hakusema kitu. Alikuwa mtu wa benchi la nyuma kanisani, na mikutanoni alikaa karibu na njia. Nilimshukuru Mungu kwa ukimya wake, maana mama alikuwa na mimba kubwa, na niliogopa siku ya kujifungua asipate mwanamke wa kumshika mkono.

Bibi Kabula akafa wakati wa kuvuna pamba. Hakuna aliyechukua jembe. Wazee walisema nyumba iangushwe juu yake, basi. Baba aliposikia hivyo aliingia ndani akavaa shati lake la Jumapili.

“Baba Nkwimba, mimi na tumbo hili?” mama alimuuliza, akimwita kwa jina langu. “Watatutenga.”

“Najua, mama Nkwimba. Ndiyo maana natetemeka.”

Vifungo vilimshinda. Mama akamsogelea, akamfungia kimoja kimoja mpaka shingoni. “Yule Yusufu wa Arimathaya naye alikuwa mwoga,” baba alisema. “Kila Ijumaa Kuu tunasomewa. Petro kakana, wenzake wamekimbia, anayekwenda kwa Pilato kuomba mwili ni yule aliyekuwa akimfuata Yesu kwa kificho.” Kisha akatoka kwenda kwa wazee. Nilikaa kizingitini nikisikiliza kama watampigia yowe. Aliporudi alisema neno moja tu, “Wamenipa,” na mama akatoa sandukuni shuka jeupe alilowawekea wageni. Tulimzika mchana kweupe, sisi watatu, na njiani watu walitugeuzia migongo.

Nilichokiogopa kikaja. Mama alishikwa na uchungu adhuhuri moja. Nilikimbia nyumba kwa nyumba nikilia, “Mayu anakufa! Mama anakufa!” Milango ilifungwa mbele yangu, na mingine niliisikia ikiwekewa kigogo kwa ndani. Niliporudi nilimkuta baba amepiga magoti, mikono yake ileile inayotetemeka imembeba mdogo wangu, na mama anamwelekeza kwa sauti ndogo pa kukata kitovu. Tulimwita Yusufu. Mvua za kwanza zilipoanguka, mwanamke mmoja alisimama uani kwetu na kigae, akaomba moto bila kutuangalia usoni. Hivyo ndivyo kutengwa kwetu kulivyokwisha, na hakuna aliyetuomba radhi.

Injili haikuandika hata neno moja kutoka kinywani mwa yule mtu wa Arimathaya. Anatokea, anazika, anapotea. Zamani nilidhani ni kwa sababu hakuwa mtu muhimu. Siku hizi nadhani koo lilikuwa limemkauka, kama la baba.

Sasa naishi Chemchem, mjini Tabora, na nina watoto wangu. Kule kijijini aliyetaka kumtenga mtu alisimama mkutanoni tukamwona sura. Huku ni kidole tu. Wiki hii kwenye kundi letu la simu mtu ameandika kwamba mama wa nyumba ya pili ndiye anayeua watoto mtaani, tusimsalimie. Vikafuata vidole gumba, kimoja baada ya kingine. Mimi sikuweka changu, lakini pia sikuandika kitu. Usiku sikulala kwa woga.

Asubuhi nilimsikia yule mama akifagia uani kwake. Komeo la geti lilinishinda mara ya kwanza kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka. “Shikamoo, mama,” nikasema. Ufagio ukasimama. Akageuka kutazama nyuma yake, kuona ni nani ninayemsalimia. Nikarudia, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.