Nilivyomfasiri Mwigizaji wa Kifaransa Ukumbini Gare

Kujifanya mjuzi ni uongo uliovishwa joho la elimu, nami nililivaa joho hilo nikiwa na miaka kumi, mbele ya watu walioniamini.

Kila ninusapo blanketi la sufu lililolowa ukungu, hurudi katika ukumbi wa parokia pale Gare, milimani Usambara, Jumapili moja alasiri. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili giza lipatikane, na taa ya projekta iliunguza vumbi hewani. Mfaransa mmoja, mtaalamu wa misitu aliyefanya kazi Shume, alituletea filamu ya kwao. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Kwa kuwa mgeni huyo alikuwa amenifundisha maneno kama ishirini ya Kifaransa, baba yangu, katekista, alimhakikishia padri kwamba binti yake angefasiri filamu nzima. Sikumkanusha. Tangu hapo heshima ya baba ilikaa mdomoni mwangu.

Mhusika mkuu aliigizwa na mwanamke ambaye sifa zake, nilikuja kujua, zilikwisha vuka mipaka ya nchi yake. Alisoma barua, akaiweka mezani, akaanza kukunja aproni. Maneno yangu ishirini yalikuwa yamekwisha. Nikatangaza, "Ameandikiwa na mchumba! Anajiandaa kwa harusi!" Vigelegele vikapigwa.

Ndipo mama mmoja muuza kabichi, asiyejua kusoma, alipopaza sauti kutoka benchi la nyuma. "Harusi gani, mwanangu? Mtazame mikono. Aproni imekwisha kukunjwa, naye anaikunja tena."

"Haya, Mfaransa wa Gare, jibu!" vijana wakadakia. "Au hiyo aproni ndiyo mahari?"

Baba aligeuka kunitazama.

Yule mama akaja mbele, akajibana kando yangu. "Nyamazeni ninyi, mtoto hajamaliza." Kisha akaninong'oneza kwa Kishambaa, akiniuliza nilikuwa naona nini.

"Anakunja aproni."

"Basi sema hicho hicho. Usitie chumvi."

Nikasema. Amefungua droo. Ameifunga. Amekaa. Mwanamke yule wa kwenye pazia la filamu hakudondosha hata chozi, lakini mabenchi yote yalianza kupenga kamasi, na bibi mmoja akaguna, "Amefiwa huyu, maskini." Hakuna aliyehitaji tena Kifaransa changu.

Padri alimpongeza baba kwa kuwa na binti mfasiri mwenye kiasi. Pongezi hizo zilinichoma, nikamkiria baba kila kitu tukiwa njiani kurudi nyumbani. Hakunichapa. "Kesho utakwenda kumwamkia yule mama," alisema, "kisha utambebea kabichi zake mpaka sokoni." Nilizibeba nikinung'unika moyoni, kwani niliamini kwamba ndiye aliyeniumbua.

Tangu hapo nimemfuatilia mwigizaji yule katika filamu nyingi: msichana mtoro, mpishi, hatimaye jaji mwenye mvi asiyeificha mikunjo ya uso wake. Hajawahi kuongeza ishara isiyodaiwa na jambo lenyewe. Ilinichukua miaka kutambua kwamba muuza kabichi alinidai nidhamu iyo hiyo, na kwamba angeweza kabisa kubaki benchi la nyuma, akacheka pamoja na vijana. Badala yake aliuondoa uongo wangu, kisha akakaa karibu nami hadi nilipopata la kweli la kusema.

Namshukuru Mfaransa aliyeleta filamu, namshukuru na mwanamke wa kwenye pazia. Lakini aliyenifundisha kutazama, akaniokoa nisimwaibishe baba yangu, ni Veronika Shemzigwa.