Risasi Laini za Damas

Mume wangu Damas ni mhasibu, lakini ukitaka kumwona akitabasamu mfuate gerejini kwetu hapa Lakeville, Marekani. Humo ndimo anamotengenezea risasi za rivolva. Ganda lililokwisha kupigwa analisafisha, analitia fataki mpya ya kuwashia, anapima baruti, kisha anashindilia kichwa cha risasi juu yake. Majaribio yote hayo aliyaanza kwa ajili yangu. Risasi za dukani zilikuwa zinanipiga teke hadi kiganja kinavimba, naye akaapa atanipatia laini, zenye baruti kidogo.

Akapata, jamani! Nikawa napiga huku nacheka. Nikaanza kuota kikombe cha klabu yetu ya shabaha, maana Kendi, Mkenya wa Columbia Heights, alikuwa ananishinda kila mwaka na mdomo wake haupumziki.

Ijumaa, kesho yake ikiwa mashindano, Damas alikuwa katikati ya kumimina baruti mlango ukagongwa. "Hodi!" Mzee Isack wa kanisani, kutoka Hopkins, bila simu wala nini. Wenzetu Wamarekani wangemwambia subiri kidogo. Sisi? Mzee umwache kwenye baridi eti unapima baruti? Damas akaacha kila kitu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, habari za hapa?" Basi zikaanza habari: za kwake, za goti, za theluji, za Moshi yote. Chai ikaisha, ikachemshwa nyingine. Tukasali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nilikuwa na furaha tele.

Mzee alipoondoka, Damas akarudi gerejini akamalizia kazi.

Jumamosi nimesimama kwenye mstari, rivolva mkononi imejaa risasi zake. Kendi ananichokoza: "Leo tena utalia, mama!" Nikamwambia ngoja uone. Nainua mkono, nasikia sauti ya Damas nyuma yangu. "Imelda, usipige. Weka chini."

"Una nini wewe?"

Uso umemsawajika. Akasema mbele ya watu wote, "Kila siku namulika kila ganda kwa tochi kabla sijalifunga. Jana sikumulika. Sikumbuki niliishia wapi mzee alipobisha hodi. Huenda kuna ganda nimelitia baruti mara mbili. Ukilipiga hilo, rivolva inaweza kupasukia mkononi mwako."

Watu wakacheka. Kuna aliyesema labda mume anamwogopa Kendi. Hasira zilinipanda, wee! Mwaka mzima nasubiri, leo ananitia aibu kwa "huenda". Nikamwambia basi yeye mwenyewe azipige. Akajibu taratibu, "Hakuna atakayezipiga." Akaitoa rivolva mkononi mwangu, akaondoa risasi zote, akazitia mfukoni.

Kendi, mchokozi lakini ana roho nzuri, akanigawia risasi zake za dukani. Zikanipiga teke kama kawaida, nikashindwa vibaya. Njiani nilimnunia Damas mpaka nyumbani.

Tulipofika hata koti hakuvua. Akazitoa mfukoni zile risasi zake, akaanza kuzifungua moja moja, anamwaga baruti kwenye mizani. Mimi nimesimama mlangoni nimekunja mikono, nasubiri nimwambie "unaona?" Ya kwanza sawa. Iliyofuata sawa. Mdomo ukaanza kuniwasha. Halafu akamwaga nyingine. Akanisogezea mizani. Hata mimi nisiyejua hesabu za baruti niliona: mara mbili kamili.

Ilikuwa mojawapo ya zile alizozitoa kwenye rivolva mkononi mwangu.

Nikakaa kwenye ndoo. Zingekuwa sawa zote, wangemcheka mwaka mzima, naye alijua, na bado alinyoosha mkono akanizuia. Nilimpenda mwanamume huyu hadi machozi yakanitoka, kisha nikaanza kucheka, sijui kwa nini.

"Bado umeninunia?" akauliza.

"Kidogo," nikamwambia, "lakini usiondoke hapa." Nikamshika mkono, sikumwachia.